Starehe Aliyoisema Rukia

Mwezi uliopita nilirudisha kitambulisho cha hospitali na spika za masikioni, nikatia saini pale nilipoonyeshwa, na msichana wa mapokezi akaniambia niende nikapumzike nisahau habari za wagonjwa. Nimejaribu. Magoti yamekubali, mdomo umekataa. Kwa hiyo nawaandikia nyinyi wakalimani mliobaki Doha, hasa nyinyi wa Kiswahili. Siku hizi mnafundishwa kwa kompyuta, na kompyuta haiwaambii mambo ya maana, kama vile kutokaa kwenye kiti chenye magurudumu karibu na kitanda cha mgonjwa mwenye hasira.

Mimi ni mtu wa Mombasa, Mji wa Kale. Kiarabu changu sikukipata darasani, nilikipata jikoni, katika nyumba za watu nilizofanyia kazi kabla hospitali haijanichukua. Kiarabu cha jikoni ni kizuri sana kwa kuamrisha. Siku yangu ya kwanza wodini nilimwambia daktari bingwa, kwa sauti ileile niliyozoea kuwaambia watoto wa mama mwenye nyumba, aje, akae na anawe mikono. Alinawa. Mgonjwa, dereva wa Kitanzania mwenye mawe kwenye figo, alicheka mpaka maumivu yakamzidi, na mimi nikajua kazi hii nitaipenda.

Aliyenifundisha alikuwa Ustadh Idris, Msudani mrefu aliyefasiri lugha nne na kunung'unika kwa zote. Ndiye aliyenionyesha mahali pa kuweka kiti, nyuma kidogo ya bega la mgonjwa, ili daktari amtazame mgonjwa badala ya kukutazama wewe. Alinikataza kupamba maneno. Mgonjwa akitukana, tukana. Daktari akiongea kama karani wa bandari, usimfanye awe mama yake mgonjwa. Na ukikwama kwenye neno, inua mkono, sema wazi kwamba anayezungumza sasa ni mkalimani, kisha uliza. Watu wote wataudhika, alisema, na utawaacha waudhike.

Kiswahili chenyewe, mnajua, Doha kiko cha kila namna. Kuna walinzi wa Nairobi wanaokivunjavunja, kuna Waganda wanaokipita kwa mbali, kuna Wazanzibari wanaotusahihisha sote. Mlinzi mmoja wa Nakuru alimwambia mkalimani wa Dodoma kwamba ana uchungu mwingi tumboni. Kwa Mkenya huo ni maumivu tu. Mwenzetu wa Dodoma, ambaye kwao uchungu wa tumbo ni wa mama anayejifungua, alimtazama yule mwanamume na ndevu zake, asijue aanzie wapi. Tulicheka mwaka mzima. Baadaye likaja neno jingine ambalo halikutuchekesha.

Rukia alikuwa Mzanzibari, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mpishi katika nyumba moja mji wa Umm Salal. Mama mwenye nyumba, Umm Khalid, ndiye aliyemleta hospitali mwenyewe, akiendesha gari huku analia. Msifikirie mabaya. Nimeona nyumba ambazo mpishi ananyimwa chakula na nimezifasiri kwa moyo mzito, lakini hii haikuwa nyumba ya namna hiyo. Rukia alipika biriani, samaki, maandazi ya watoto, akasimama mlangoni kuhakikisha kila mtu ameshiba. Akiulizwa yeye, ameshaonja, ameshiba. Ramadhani ilipokwisha alifunga siku sita za sunna za Shawwal, kisha Jumatatu na Alhamisi, kisha siku zilizobaki, na nyumba nzima ikasifu ucha Mungu wake. Mpaka alipoanguka jikoni ndipo walipoona kwamba ndani ya yale mabuibui mapana karibu hakuna mtu.

Wenzake wa Kiafrika walinong'ona, maana kwetu mtu akikonda tunajua tutakachosema, na tunakisema kabla ya kipimo. Vipimo vilitoka safi. Madaktari waliupa ugonjwa jina lake, nami nikawa sina neno la Kiswahili la kumpelekea. Nilianza na ugonjwa wa kujinyima chakula, nikaona uso wake ukifunga. Kujinyima ni neno la mtu anayefanya kusudi. Niliinua mkono, nikaomba kubadilisha, nikasema ugonjwa wa kutoweza kula. Rukia alinitazama kwa mara ya kwanza akasema, "Huo ndio."

Alilazwa muda mrefu. Wakamwekea mpira wa kulishia, ule unaopitia puani hadi tumboni. Akauchomoa. Wakaurudisha, akauchomoa tena. Mwili wake ulifika mahali ambapo moyo wenyewe ulianza kuruka mapigo, na daktari wake wa akili, Daktari Hoda, mwanamke wa Kimisri asiyependa maneno mengi, akasema wazi kwamba bila chakula Rukia atakufa, na kwamba hajui kama ana haki ya kumlisha kwa nguvu. Wakati huo mimi nilikwenda Mombasa kumwoza mwanangu. Kwa zamu za jioni Rukia aliachiwa mkalimani mwenzetu, Wekesa, aliyefasiri kwa simu.

Wekesa ni mtu wa Kitale, mwema kupita kiasi. Hapo ndipo penye kasoro yake, kama wema ni kasoro: alikuwa hawezi kumwuliza mgonjwa swali kavu. Niliporudi kutoka likizo nilikuta jambo limekwisha kuamuliwa nusu. Hospitali ilikuwa imemwandikia jaji kuomba ruhusa ya kuacha kumlisha Rukia, apewe dawa za maumivu tu, aondoke kwa amani, kwa kuwa mwenyewe ameomba hivyo, si mara moja.

Siku moja kabla ya jaji kuja nilikwenda kumsalimu. Aliniamkia shikamoo kwa sauti ya mtoto. Muuguzi alileta sinia ya chakula akaiweka, nami kwa mazoea tu nikamwambia karibu chakula. Rukia aliweka mkono kifuani akasema starehe. Hatukuona kitu, wala mimi wala yeye. Ndivyo watu wa pwani tunavyojibiana tangu utotoni.

Kisha akaingia Daktari Hoda. Alikaa, akamweleza Rukia kwamba kesho jaji atakuja, na kwamba madaktari wataheshimu ombi lake la kuachwa apumzike bila kulishwa, hata kama mwisho wake ni kifo. Nilifasiri yote. Rukia alimgeukia daktari taratibu.

"Nimeomba lini hayo?"

Daktari Hoda alitazama maandishi yake. Akasema kila jioni aliulizwa kama anataka waendelee kumlisha, na kila jioni akajibu kwamba anataka raha. Ndilo neno la Kiarabu lililoandikwa, raha, yaani mapumziko, na kwa madaktari wenye mgonjwa wa hali ile, mgonjwa anayesema anataka raha tu amesema jambo zito kabisa.

Niliinua mkono. Nikasema anayezungumza ni mkalimani, nikamwuliza Rukia yule kijana wa simu alikuwa anamwambia nini, naye alikuwa anajibu nini.

"Ananiambia karibu chakula, dada. Nami namwambia starehe."

Wenzangu wa bara wengine hamlijui hili, kwa hiyo nalieleza. Kwetu, mtu akikukaribisha chakula nawe huli, humwambii sitaki. Unamwambia starehe, yaani endelea, ustarehe, usijisumbue kwa ajili yangu. Ni adabu tu, na haina uzito kuliko salamu. Wekesa, kwa huruma zake, alilichukua swali la daktari la kufa na kupona akaligeuza kuwa mwaliko wa mezani. Rukia akalijibu kama mwaliko wa mezani. Na Wekesa, ambaye kwao Kitale starehe ni raha na anasa, akalirudisha kwa daktari kama raha. Kila mmoja alikuwa na adabu, na kwa adabu hiyo wakamfikisha mtu ukingoni.

Nilimweleza Daktari Hoda. Hakumlaumu mtu. Alikunja karatasi yake mara mbili akaitia mfukoni, kisha akaniambia nimwulize Rukia, bila kupamba, kama anataka kufa.

Rukia alifikiri. "Kufa sitaki," akasema. "Kula siwezi."

Kwa hiyo msidhani kugundua neno kulitatua kesi. Kulifuta jibu la uongo tu, na swali likabaki palepale, zito zaidi. Daktari Hoda alibadilisha ombi: sasa jaji angeombwa aseme kama Rukia alishwe kwa nguvu. Ijumaa iliyofuata, siku ambayo Doha Wakristo nao husali, Wekesa alinipigia akitoka kanisani Mesaimeer. Alikuwa ameshaambiwa, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia. "Mama, mimi nilidhani nimepata neno poa," akaniambia. "Nilidhani namsaidia asiaibike." Nilimwambia najua. Hakuacha kazi, na leo anauliza maswali makavu kuliko mimi.

Jaji alikuja siku ileile iliyopangwa, wodini mwenyewe, kwa sababu Rukia hakuweza kubebwa. Kwa Kiarabu jaji ni kadhi, na Rukia aliposikia kadhi yuko mlangoni alinishika mkono akaniuliza kwa hofu kadhi wa nini, yeye hana mume wa kumwacha wala hajaposwa. Nilimweleza. Alicheka kidogo. Nataka mjue kwamba alikuwa na akili zake zote. Alijua tarehe, alijua dawa zake, alijua moyo wake unaweza kusimama, na alishanisahihisha Kiswahili changu cha Mombasa zaidi ya mara moja.

Hapo ndipo penye ugumu. Mimi si mwanasheria, nawapa nilivyoelewa. Mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kukataa matibabu, hata yale yatakayomwokoa, na huna ruhusa ya kumtia mpira puani kwa sababu tu unampenda. Lakini jaji alitaka kujua jambo moja: anapokataa chakula, anayekataa ni Rukia, au ni ugonjwa unaotumia mdomo wake? Na kama ni ugonjwa, utautenganishaje na mwenyewe, wakati wote wawili wana sauti moja?

Alikuwa mzee mpole mwenye kikohozi. Alivuta kiti karibu, akamwuliza Rukia anapoona chakula anaona nini. Rukia alisema anaona hatari, kama mtu anayeambiwa aweke mkono kwenye jiko linalowaka, na watu wote chumbani wanamwambia jiko ni baridi. Jaji akamwuliza kama amri itatoka alishwe kwa mpira, atafanya nini. Akasema atauchomoa. Jaji akauliza kama anataka amri hiyo itoke.

"Mheshimiwa, usiniulize hilo," Rukia akasema. "Mimi siwezi kusema ndiyo. Nikisema ndiyo, nitaadhibiwa humu ndani, usiku na mchana, kwamba nimetaka mwenyewe. Amua wewe. Nikikataa, wewe kataa."

Nilifasiri hayo nikijisikia nimebeba kitu kinachoweza kumwagika. Jaji aliinama karibu zaidi.

"Na kesho ukiniambia niwaache wakuache," alisema, "niamini lipi?"

"Amini la leo."

Jaji aliandika. Aliamuru alishwe kwa mpira kwa muda aliouwekea mwisho, mikono yake isifungwe, awepo muuguzi wa kike na mtu wa lugha yake kila anapolishwa, kisha yeye mwenyewe atarudi kumsikiliza upya. Umm Khalid, aliyekuwa amesimama koridoni, alimshukuru Mungu kwa sauti. Daktari Hoda hakushukuru. Alisema sasa ndipo kazi inapoanza.

Mtu wa lugha yake alikuwa mimi. Kila asubuhi nilikaa nyuma ya bega lake, muuguzi akishika mpira, na Rukia akikataa. Alikataa kwa kubembeleza, kwa kulia, kwa matusi ya mitaa ya Ng'ambo ambayo sikujua wanawake wa Unguja wanayajua. Alisema, niacheni, nami nikasema kwa Kiarabu, niacheni. Alisema, mnaniua, nikasema, mnaniua. Tulimshika, tukamlisha. Alinishika ushungi akaniita kibaraka wa Waarabu, nami nikalifasiri hilo pia, na muuguzi Mfilipino asijue acheke au afanyeje.

Siku moja Daktari Hoda, naye amechoka, aliniomba niyaache mengine, kwa kuwa tayari wanajua anachosema na inawaumiza wauguzi. Nilikataa. Nilimwambia kama tunamlisha mtu bila ridhaa yake, basi walau kila neno lake lifike, liwaume. Tusipoumia tutazoea, na siku atakayosema neno jipya hatutalisikia. Alikasirika, akatoka. Kesho yake hakuniomba tena. Sikuwa shujaa, nisieleweke vibaya. Baada ya zamu nilikwenda chooni nikalia, nikatoka nikanunua chai ya karaki kwenye kibanda cha nje, nikapanda metro kama watu wengine.

Mtaniuliza kama ilikuwa haki. Miaka ya nyuma nilifasiri kwa mgonjwa mwingine wa ugonjwa huohuo, mama wa makamo, aliyelishwa kwa nguvu miaka na miaka na kila mara akarudi chini zaidi. Madaktari wake mwishowe waliona mpira unamtesa tu, wakaacha, akafa mikononi mwa dada yake. Siwalaumu hao, na siwalaumu hawa. Wanaosema daima mlishe, na wanaosema daima mwache, wote hawajawahi kukaa kwenye kile kiti.

Na mtaniuliza kama Rukia alipona. Yuko Unguja. Kuna wakati ananiandikia kila siku, na kuna wakati ananyamaza nami nakosa usingizi. Amelazwa tena mara moja tangu arudi, na safari hiyo alikwenda mwenyewe, kwa miguu yake. Kupona kwa ugonjwa huu, nilivyouona, si siku moja, na asiyelijua hili atamkatia tamaa mgonjwa mapema.

Lakini ninayotaka mbaki nayo ni asubuhi ile jaji aliporudi, muda wa amri ulipokwisha. Rukia alikuwa ameongezeka kidogo, mashavu yana kivuli cha damu, ila bado alikuwa anakataa kila kukicha, na mimi bado nafasiri. Jaji hakuwa amesahau kwamba aliombwa asimwulize. Kwa heshima yake alimpa Rukia salamu tu, kisha akamgeukia Daktari Hoda akaanza kumwuliza yeye maswali yote: uzito, moyo, usingizi, kama aongeze muda. Daktari alijibu. Akapendekeza muda uongezwe. Jaji akachukua kalamu.

Rukia aliinua mkono, kama mtoto darasani.

"Mheshimiwa," akasema. "Leo niulize mimi."

Nilifasiri. Jaji aliiweka kalamu chini. Akamwomba radhi, akamwuliza polepole, neno kwa neno, kama anakubali kuendelea kulishwa kwa mpira.

"Sikubali," alisema Rukia.

Nikasema kwa Kiarabu, sikubali. Nilimwona Daktari Hoda akifumba macho. Jaji alisubiri, nami nilijua anapima lipi la kuamini, la siku ile au la leo, na chumba kizima kilikuwa kinapima naye.

"Leteni kijiko," Rukia akasema.

Aliitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Jaji aliniomba nirudie, nikarudia. Akaamuru mpira ubaki pale hospitali kwa siku ambayo moyo wake utauhitaji, lakini asiwekewe leo. Muuguzi alileta uji mwepesi kwenye kikombe. Rukia alichota ncha ya kijiko, akaitazama, akairudisha, akaichota tena. Alipomeza alilia kwa sauti. Hakuna aliyempongeza, maana Daktari Hoda alishatukataza kwa macho.

Uji ulipoa, ukapashwa moto, ukapoa tena. Jaji alikuwa ameshakwenda zamani, na zamu ya muuguzi ilikuwa imebadilika, Rukia alipofika nusu ya kikombe. Nilibaki nimekaa palepale nyuma ya bega lake, ingawa hakuna aliyekuwa anasema neno na sikuwa na cha kufasiri.